Kujitangazia Biashara Ndogo Kisumu: Mwongozo Kamili Unaoanza na Daftari

Nimeendesha duka la ushonaji pale Kondele, jijini Kisumu, kwa miaka kumi na mmoja. Tuna cherehani tatu, na kazi yetu ni sare za shule, nguo za vitenge na kurekebisha nguo za mitumba. Katika miaka miwili ya kwanza nilitumia pesa nyingi kujitangaza bila kujua zilikuwa zikienda wapi, na nusura nifunge duka. Kilichoniokoa hakikuwa tangazo jipya bali daftari la kawaida la kurasa tisini na sita, kwa sababu ndilo lililonionyesha ni nani hasa waliokuwa wakiniletea wateja. Mwongozo huu unaeleza jinsi mwenye duka, kibanda, saluni, hoteli ya samaki au karakana anavyoweza kuitangaza biashara yake mwenyewe. Mifano yangu mingi ni ya ushonaji, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoijua, lakini utaratibu ni ule ule hata kama unauza mandazi.

Hatua ya kwanza: Muulize kila mteja mpya alivyokujua, kisha uandike

Kabla ya kuchapisha karatasi yoyote au kulipia tangazo lolote, nunua daftari na uchore safu tano: tarehe, mteja ametoka wapi, alitujuaje, alisema maneno gani, na alinunua kitu cha shilingi ngapi. Jina lake halihitajiki. Daftari likae mahali pesa zinapopokelewa, pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi, kwa maana kalamu ikipotea siku moja zoezi zima hufa. Wafanyakazi wako nao waelezwe sababu ya kuandika. Msaidizi asiyejua sababu hujaza chochote ilimradi safu isibaki tupu.

Swali lenyewe liulizwe kwa adabu, baada ya salamu na baada ya shida ya mteja kusikilizwa. Nakumbuka mama mmoja aliyetoka Majengo, kaunti ya Vihiga, akiwa na binti yake. Nilipokwisha kumpima mtoto nikamuuliza, "Mama, na duka letu ulielekezwa na nani?" Akajibu, "Ni kijana wa boda pale steji, fundi. Nilimwambia natafuta sare, akaniambia niende kwa wale wanaompima mtoto mwenyewe, sio wale wa kukupa saizi tu." Jibu lile lilikuwa na mambo mawili. La kwanza ni kwamba mwendesha boda ndiye aliyemleta. La pili, ambalo nilikuwa karibu kulipuuza, ni kwamba watu wa steji walikuwa wameshatutungia sifa kwa maneno yao wenyewe, "wale wanaompima mtoto mwenyewe," wakati mimi kibao changu kilikuwa kinasema mambo mengine kabisa. Kwa hiyo andika maneno ya mteja kama alivyoyatamka, iwe ni kwa Kiswahili, kwa Dholuo au kwa Kiluhya, wala usiyasafishe.

Wengi watakujibu, "Nilisikia tu." Usiridhike na jibu hilo. Uliza tena kwa upole, "Uliposikia ulikuwa wapi?" na mara nyingi utapata mahali: kwenye matatu, kanisani, kwa mama mboga, kwenye mkutano wa wazazi shuleni.

Endelea hivyo kwa wiki nne kamili, ili mwisho wa mwezi uwemo ndani na pia Jumapili nne, ambazo kwetu ni muhimu kwa sababu ndizo siku ambazo soko la Kibuye hufurika wanunuzi kutoka nje ya jiji. Kisha hesabu. Katika wiki zangu nne za kwanza niliandika wateja wapya 61. Kati yao 24 waliletwa au kuelekezwa na wateja wa zamani, 15 na waendesha boda na makanga, 13 walituona wakipita, 4 walitumwa na mama mboga wa ng'ambo ya barabara, 3 walitupata kupitia simu, na 2 walikuwa na karatasi ya tangazo mkononi. Wakati huo nilikuwa nimetoka kuchapisha karatasi 2,000 kwa shilingi 6,000 na kuzigawa kituo cha mabasi. Kila mmoja wa wale wawili alikuwa amenigharimu shilingi 3,000, ilhali sare niliyomshonea iliniachia faida isiyofika 500.

Usomaji wa daftari unahitaji busara, hata hivyo. Wale watatu wa simu hawakuwa dalili kwamba simu haifai. Walikuwa dalili kwamba simu yangu ilikuwa haijapangwa, picha zilikuwa hafifu na ujumbe ulikuwa ukijibiwa kesho yake. Namba ndogo inaweza kumaanisha njia mbaya au njia njema iliyotumiwa vibaya, na ni lazima ujiulize ni ipi kati ya hizo mbili kabla ya kuiacha.

Hatua ya pili: Tunga sentensi moja ambayo mwendesha boda anaweza kuibeba

Sentensi hiyo ijibu maswali matatu: unamhudumia nani, unamfanyia nini, na kwa nini aje kwako badala ya kwa jirani. Yetu ni hii: "Tunashona sare za shule kwa kumpima mtoto mwenyewe, na zinakuwa tayari kwa siku tatu." Ukishaitunga, mwambie mwendesha boda unayemfahamu, umwache aende zake, na akirudi steji baada ya saa moja umwombe akuambie kile ulichomwambia. Maneno yatakayokuwa yamedondoka njiani hayakuwa na uzito, na yale atakayoyarudia ndiyo tangazo lako.

Maneno kama "huduma bora kwa bei nafuu" yaepuke. Kutoka Kibuye hadi Nyamasaria yameandikwa kila mahali, na kwa sababu hiyo hayamwambii mteja lolote. Kama una saluni, sema unasuka mitindo gani na kwa muda gani. Kama una hoteli, sema samaki wako ametoka ufuo gani asubuhi ile. Kama utaitumia sentensi yako kwa Dholuo au Lulogooli, lugha ya Wamaragoli wa Vihiga, mpe mtu aliyezaliwa katika lugha hiyo aisome kwa sauti kabla haijapakwa rangi popote.

Hatua ya tatu: Rekebisha mlango na kibao

Watu 13 kati ya 61 waliingia kwa sababu walituona tu, nami sikuwa nimefanya lolote kuwavutia. Kibao changu cha kwanza kilikuwa na maneno zaidi ya arobaini yaliyobanana, pamoja na picha ya mkasi, picha ya cherehani, na nambari mbili za simu zilizopakwa kwa rangi ya manjano juu ya nyeupe. Siku moja nilipanda matatu ya Kakamega nikakaa dirishani makusudi, na tulipopita mbele ya duka langu sikuweza kusoma hata nambari ya simu niliyokuwa naijua kwa moyo.

Fanya jaribio hilo. Simama ng'ambo ya barabara, kisha pita kwa gari, kisha pita jioni giza likianza kuingia. Kibao cha barabarani kinatosha kikiwa na maneno sita au saba, herufi nene zenye rangi moja ya giza juu ya mandharinyuma meupe au kinyume chake, na nambari moja ya simu. Rangi nyekundu hupauka upesi katika jua letu, kwa hiyo usiipe kazi ya kubeba neno muhimu. Kibao kielekee upande ambao wateja wako hutokea. Wateja wangu kutoka Vihiga wanateremkia upande mmoja, wale wa Manyatta wanakuja kwa miguu kutoka upande mwingine, na kibao kilichobandikwa ukutani kama dirisha hakionekani na yeyote kati yao. Changu cha sasa kimesimama kama mlango uliofunguliwa, kinasomeka pande zote mbili, na kimeandikwa kwa maneno yale ya mama wa Majengo: SARE ZA SHULE. TUNAMPIMA MTOTO MWENYEWE.

Kabla ya kumlipa mchoraji, nenda ofisi ya kaunti ya eneo lako uulize ada ya kibao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti mamlaka ya kudhibiti matangazo ya nje, na kibao kisicho na kibali kinaweza kung'olewa pamoja na pesa ulizokitumia. Usikisimamishe kwenye ardhi iliyotengewa barabara. Wanaofikiria kuweka spika mlangoni wajue kwamba kuna kanuni za kelele za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira. Na zaidi ya sheria, majirani wanaochoshwa na spika yako ndio wale wale unaotaka wakuelekezee wateja.

Mlango wa pili ni ule wa kwenye ramani ya simu. Kuandikisha biashara kwenye Google hakulipiwi. Andika jina lile lile lililo kwenye kibao, chagua aina ya biashara, sogeza alama hadi ikae juu ya mlango wako hasa, jaza saa za kufungua ikiwemo Jumapili, weka nambari ya simu na picha tano au sita. Mara nyingi utaombwa urekodi video fupi inayoonyesha barabara, kibao na ndani ya duka ili kuthibitisha kwamba biashara ipo. Katika maelezo, taja alama ambayo watu wa hapa huitumia kuelekezana njia, kama vile mzunguko, kanisa au steji, kwa kuwa hakuna anayemwambia mgeni jina la barabara. Mteja aliyefurahi mwombe aandike maoni, lakini usimlipe kwa kufanya hivyo. Google hairuhusu maoni ya kununuliwa, na wasomaji nao huyatambua.

Hatua ya nne: Ipange simu ifanye kazi ya duka

Tenga laini ya biashara na laini ya nyumbani. WhatsApp Business, iliyotolewa mwaka 2018, haina malipo kwa matumizi ya kawaida ya duka dogo, nayo ina vitu vinavyotosha kabisa: maelezo ya biashara na saa za kazi, katalogi ya bidhaa na bei, majibu yaliyoandaliwa mapema kwa maswali yanayojirudia, na lebo za kutenganisha wateja. Mimi nina lebo nne: ameuliza bei, amelipa rubuni, tayari kuchukua, na anadaiwa.

Bei iandikwe. Tabia ya kuweka picha na kumwambia mteja aulize bei faraghani imewafukuza wengi, kwa maana mzazi anayepanga bajeti ya watoto watatu hana muda wala bando la kubembeleza duka limtajie gharama. Kama bei hubadilika kulingana na saizi, andika ya saizi ndogo na ya saizi kubwa.

Kuhusu orodha za kutuma ujumbe kwa wengi, jua mambo mawili. Orodha moja hubeba watu 256, na ujumbe huo humfikia tu yule aliyehifadhi nambari yako kwenye simu yake. Ndiyo maana mteja akilipa mimi humwambia, "Mama, hebu nihifadhi hapo uandike Fundi Sare Kondele," na ninangoja aandike nikiona. Statasi hukaa saa 24 kisha hupotea. Kwa hiyo weka picha mbili au tatu kwa siku, asubuhi watu wakiwa kwenye matatu na jioni wakiwa wamepumzika. Ukiweka ishirini, hakuna atakayezifikia za mwisho.

Sasa picha zenyewe, ambazo ndizo nilizihangaikia kwa muda mrefu kuliko yote. Siwashi taa wala sitafuti chombo cha ziada. Saa tatu asubuhi jua linapokuwa upande wa nyuma ya jengo, mlango wetu huwa na mwanga mtulivu usio na kivuli kikali. Ninatundika shuka jeupe, ninafuta kioo cha kamera kwa kitambaa safi, kwa kuwa kimejaa mafuta ya vidole, kisha ninapiga nguo nzima mara moja na sehemu ndogo ndogo mara nyingi: kola, tundu la kifungo, mshono wa bega. Sitii rangi za programu za kupendezesha, kwa sababu sweta ya shule ikiwa kijani ya giza kwenye simu na kijani ya majani mkononi, mzazi atairudisha na atakuwa na haki.

Picha iliyonipatia maswali mengi kuliko zote haikuwa ya nguo nzuri. Niligeuza sketi ndani nje, nikapiga picha ya upindo wa inchi tatu tunaouacha ili ufunguliwe mtoto akirefuka, kidole gumba changu kikiuonyesha na rula ikiwa pembeni. Chini yake niliandika, "Sketi hii ataivaa hadi mwakani." Mzazi yeyote anayenunua sare anawaza jambo hilo, nami nilikuwa nikilifanya kwa miaka bila kulisema. Tafuta katika kazi yako kitu kama hicho: jambo jema unalolifanya kila siku ambalo mteja halioni kwa sababu limefichwa ndani ya mshono, jikoni au chini ya boneti.

Usiweke picha ya mteja bila idhini yake, na picha ya mtoto usiiweke bila idhini ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa za mtu binafsi, na mnamo Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Mimi hupiga picha ya sare ikiwa imetundikwa, na inatosha.

Hatua ya tano: Mtunze aliyekwisha kununua

Kama daftari lako litafanana na langu, kundi kubwa zaidi litakuwa la walioletwa na wateja wa zamani, na bado hapo ndipo wenye biashara wengi hawafanyi lolote. Sisi huhifadhi vipimo vya kila mtoto kwenye daftari jingine, pamoja na shule yake na tarehe. Wiki mbili baada ya sare kuchukuliwa tunatuma ujumbe mmoja kuuliza kama imekaa vizuri. Wiki tatu kabla ya muhula kufunguliwa tunatuma mwingine: "Habari yako mama. Tulimpima kijana mwezi wa nane mwaka jana. Kama amerefuka, mlete tufungue upindo; hatutozi." Kazi hiyo ya bure huchukua dakika kumi kwenye cherehani, na mzazi akishafika hapo hukumbuka kwamba mdogo wa mtoto huyo naye anahitaji soksi na kaptura.

Nambari za wateja zitumiwe kwa ridhaa yao. Uliza wazi, "Nikutumie ujumbe shule zikikaribia kufunguliwa?" na akisema hapana, iwe hapana. Kuchukua nambari ya mtu kwa sababu tu amekulipa kwa M-Pesa kisha ukaanza kumtumia matangazo ni kukiuka imani yake, na sheria ile ile ya 2019 inataka umpe njia ya kukataa.

Kuna kosa nililolifanya ambalo linapaswa kuwemo hapa. Mama mmoja wa Manyatta alirudisha sketi iliyofumuka mshono, nami nilikuwa nimechoka, nikabishana naye kwamba mtoto ndiye aliyeivuta. Aliondoka kimya. Miezi miwili baadaye nilipokuwa nikihesabu, niliona kwamba kule Manyatta, walikokuwa wakitoka wateja sita au saba kila mwezi, hakukuwa na hata mmoja. Yeye alikuwa katika chama cha akina mama wa kanisa lao. Nilimtafuta, nikaenda kwake na sketi mpya, nikamwomba radhi mbele ya jirani zake, kwa kuwa walikuwapo. Ilichukua muhula mzima kabla jina la Manyatta kurudi katika safu ya pili. Tangu siku hiyo, katika kila hesabu ya mwezi ninatazama pia mitaa iliyonyamaza.

Hatua ya sita: Wafanyie wema wanaokuelekezea

Waendesha boda, makanga, akina mama mboga na vinyozi huulizwa njia na ushauri siku nzima. Mimi nilianza kwa kuwashonea waendesha boda wa steji yetu makoti yao ya kung'aa yanapochanika, bila malipo, kwa sharti moja tu kwamba wayalete asubuhi kabla kazi hazijashika moto. Baadaye niliwapa kadi zenye nambari ya kila mmoja nyuma. Mteja akija na kadi na akanunua, mwenye nambari hupata shilingi 50 jioni ile ile. Jioni ile ile, si mwisho wa wiki. Ahadi ya shilingi hamsini inayocheleweshwa hukuharibia jina steji nzima kuliko kama hukuahidi.

Machama na makanisa yanahitaji uvumilivu. Usiende na matangazo. Nenda ukiwa mwanachama, au ukiwa umealikwa kufundisha jambo, kwa mfano jinsi ya kufua sweta isipoteze umbo. Matanga yaache kabisa. Huku kwetu mwisho wa juma huwa ni wa mazishi na kamati hukutana jioni kupanga hema, chakula na nguo za familia, na ni kweli kwamba kazi nyingi hutoka huko, lakini kazi hiyo inapaswa kukufuata kwa sifa zako. Anayegawa kadi msibani hasahauliki, na si kwa wema.

Kwa shule, omba orodha ya rangi na mitindo iliyoandikwa, na ushone kulingana nayo. Bahasha kwa mwalimu ili awalazimishe wazazi waje kwako sijawahi kuitoa, na ninakusihi usiitoe: mzazi aliyelazimishwa hamleti mwenziwe.

Hatua ya saba: Lipia tangazo kidogo, kwa wakati wake, na kwa alama yake

Chora kalenda ya mwaka kabla ya kutoa pesa. Kwa sare, misimu ni Januari, mwisho wa Aprili kuingia Mei, na mwisho wa Agosti. Kwa wengine ni tofauti. Uvuvi wa omena katika Ziwa Victoria hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai, na mwenye duka karibu na Dunga au ufuo wowote ule hujua pesa zinavyopungua miezi hiyo; tangazo la kitu cha anasa wakati huo litapotea bure. Desemba watu hurudi nyumbani kutoka Nairobi na Mombasa, na mwenye hoteli, saluni au fundi wa vitenge anapaswa kuwa ameanza kutuma picha tangu Novemba.

Karatasi za matangazo, ambazo zilinitia hasara, nilizirudia baada ya miaka mitatu kwa namna nyingine. Nilichapisha 200 tu kwa shilingi 1,200, zikiwa na bei za sare za shule moja peke yake, nikazigawa langoni siku ya kufunga muhula wazazi walipokuja kuchukua watoto. Waliokuja nazo walikuwa 16, yaani shilingi 75 kwa kila mteja. Karatasi hazikuwa na kosa. Kosa langu lilikuwa ni kumpa kila mtu katika kituo cha mabasi, akiwemo kijana asiye na mtoto anayekimbilia basi la Busia.

Redio ina nguvu kubwa huku. Ramogi FM na Mayienga FM husikika kwa Dholuo, na Mulembe FM kwa Kiluhya, lakini masafa yao hufika mbali mno kuliko mteja wa duka lenye mlango mmoja anavyoweza kusafiri. Zifikirie kama una bidhaa inayosafirishwa, au matawi kadhaa. Tangazo la Facebook ni jepesi kulijaribu kwa sababu unachagua eneo na siku: anza na siku tatu, eneo la Kisumu na mpakani mwa Vihiga, picha moja, na uwaelekeze watu kwenye WhatsApp yako.

Kila tangazo lipewe neno lake. Wa Facebook wataje "upindo", wa karatasi waje na karatasi yenyewe, wa boda na kadi. Bila alama, utarudi kukisia.

Lolote utakaloliandika liwe la kweli. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na kinataka matangazo yawe ya haki na uaminifu, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inaendeleza hayo. Ukisema siku tatu, ziwe tatu. Mwezi Januari, kazi zikizidi, sisi hufuta "siku tatu" kwenye statasi na kuandika "siku saba" kabla ya kupokea rubuni ya mtu.

Hatua ya nane: Hesabu ya jioni ya mwisho wa mwezi

Funga mlango, keti na daftari. Kwa kila njia, gawanya pesa ulizotumia kwa idadi ya wateja wapya ulioandika, kisha linganisha na faida ya wastani ya mteja mmoja. Kwangu faida ya sare kamili ni kama shilingi 450. Njia inayomleta mteja kwa 75 ninaiongezea pesa, inayomleta kwa 300 ninaitazama mwezi mwingine mmoja, na inayozidi 450 ninaisimamisha, isipokuwa kama wateja wake ni wa aina inayorudi kila muhula. Usisahau kuhesabu muda wako na bando, kwani navyo ni pesa.

Kisha tenga kiasi cha mwezi ujao, hata kiwe shilingi 1,000, ukiweke katika bahasha yake mbali na pesa za vitambaa. Soma safu ya maneno ya wateja kuanzia juu hadi chini, pigia mstari maneno yaliyojirudia, na kama yanapishana na kibao chako, badilisha kibao. Daftari likijaa, andika miezi yake kwenye jalada na ulihifadhi chini ya meza ya kukatia. Januari ikifika tena utahitaji kujua ni wazazi wangapi walitoka Mbale ya Vihiga, wangapi Nyalenda, na ni wiki gani hasa walianza kuja.